Theodora na Lori la Nyavu

Ukimwuliza Theodora ni kilomita ngapi kutoka Moshi mpaka Kisumu, hakujibu hapo hapo. Alikuuliza kwanza unapita wapi. Ukipita Namanga na Nairobi ni mia saba, lami mwanzo hadi mwisho, siku mbili umefika. Ukipita Singida, Shinyanga na Mwanza, kisha upande Musoma mpaka Sirari, zinakaribia elfu moja na mia nne, na mvua ikiwa imenyesha usimwahidi mtu siku ya kufika. Akishakwambia hayo alitikisa goti, halafu akaongeza kwamba njia zote mbili zina ubaya wake.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, asiyejua kukaa. Hata kanisani alikaa ncha ya benchi. Akipika mtori alikuwa akitoka nje mara tatu kutazama barabara kabla ndizi hazijalainika. Mama mkwe wake, Mektrida, alikuwa akisema kwamba Theodora hata akilala miguu yake inasafiri.

Alizaliwa Old Moshi kwa mzee mmoja mkulima wa kahawa. Udereva alijifunzia jeshini, JKT, mwaka 1980, kwa kuendesha lori la kuni la kambi. Aliporudi aliolewa Marangu na Primus, naye dereva, na watu wakatania kwamba ndani ya nyumba ile itabidi awekwe trafiki. Lakini kwa mila za wakati ule mwenye lori alikuwa mume. Theodora alikishika kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, akapalilia mibuni chini ya migomba, akamzaa Herieth, na kila alipomsikia Primus akibadilisha gia kwenye mlima wa kuja nyumbani alijua kama ameibadilisha vizuri au vibaya.

Aprili ya mwaka 1988 Primus alikwenda Simanjiro kuchukua maharage, pamoja na mdogo wake Filemon. Wakati wa kurudi palikuwa na njia mbili. Moja ilizunguka mpaka darajani, kilomita arobaini zaidi. Nyingine ilikata korongo, na korongo lilikuwa kavu. Primus aliingia korongoni. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi wao wasijue, na maji yalipokuja hayakuja kidogo kidogo. Primus aliruka upande wake akashika mgunga. Filemon walimpata siku ya tatu.

Walimzika kihambani, kando ya baba yake. Baada ya kaburi kufukiwa, Mektrida alimgeukia mwanawe mkubwa mbele ya watu wote. Hakupiga kelele. Alimwuliza: "Primus, ulipita huko kwa nini?"

Primus hakujibu. Alikaa matanga yote bila kuongea, akichimba ardhi kwa kijiti, na matanga yalipoanuliwa aliondoka asubuhi kama mtu anayekwenda Himo kununua sabuni. Hakurudi. Herieth alikuwa na mwaka mmoja.

Mtu asiyetoka huku hawezi kujua maana ya Krismasi mtu asiporudi. Marangu kila Desemba hujaa. Waliopo Dar, waliopo Mwanza, wenye maduka Tunduma, wote hupanda mlima na magari yao na watoto wao wasiojua Kichagga, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inajaa madebe. Kwa Mektrida zilipita Krismasi saba namna hiyo, majirani wakipunguza sauti kila walipopita mbele ya nyumba yake.

Theodora hakungoja akiwa amekaa, kwa kuwa kukaa hakujui. Mwaka uliofuata alikwenda kuomba kazi ya kuendesha pikapu ya chama cha msingi cha kahawa. Mektrida hakumsemesha kwa mwezi mzima. Lori lilikuwa limemla mtoto mmoja na kumfukuza wa pili, na sasa mkwe naye alikuwa analipanda. Halafu ruhusa za biashara zikafunguka, kila mtu mwenye nguvu akawa mfanyabiashara, na mama mmoja wa Moshi mjini, Beatrice, akanunua Isuzu ya tani saba ya kupeleka vitunguu Kenya. Wanaume wawili aliowaajiri walimharibia gari. Wa tatu alikuwa Theodora. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumrudishia lori lililokwaruzwa.

Agosti mwaka 1995 alikuja nyumbani dereva mwenzake aitwaye Antoni, mtu wa Mkuu huko Rombo, aliyemfahamu Primus tangu ujana. Alikunywa mbege kata moja, akaiweka chini, akasema amemwona. Primus yuko Kisumu. Anaendesha lori la buluu la tajiri mmoja anayeuza nyavu za kuvulia, maboya na kamba. Amezeeka kidogo. Alipomwita kwa jina aligeuka, akamtazama, akapanda lori akaondoka.

Theodora alisimama, akaketi, akasimama tena. Mektrida hakutikisika. Alitaka kujua Theodora anakwenda Kisumu lini. Theodora akamjibu kwamba anapakia vitunguu Jumatatu.

"Basi Jumatatu tunakwenda wote," mzee alisema.

Alikuwa na miaka sabini na moja. Mbali zaidi aliyowahi kufika ilikuwa Arusha, na huko alilala siku moja tu. Theodora alijaribu kumweleza habari za mipaka na karatasi za kusafiria, vumbi na mgongo. Mektrida alimwacha aseme mpaka aishiwe, kisha akaingia kihambani. Alirudi na jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba amani huwezi kumrudisha mlangoni. Alilifunga katika kitambaa kibichi, na kitambaa akakifunga pembeni mwa kanga. Herieth aliachwa kwa shangazi yake.

*

Njia ya kwenda haikuwa na neno. Namanga walipata karatasi ya Mektrida baada ya nusu siku ya kungoja, Nairobi wakaipita alfajiri. Mzee alisali rozari kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, kila kona Salamu Maria moja, na siku ya pili jioni wakaona maji ya ziwa. Mektrida aliyatazama mpaka lori lilipokata kona yakapotea. Aliuliza ng'ambo ya pili ni wapi. Theodora akamwambia ng'ambo ni kwetu tena, ni Tanzania, ila mtu haioni.

Walishusha vitunguu, wakaenda kwenye ghala la nyavu. Mtunza ghala alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwaambia kwamba lori la buluu limeondoka siku nne zilizopita. Lilikuwa na kazi moja tu, kulizunguka ziwa. Lilitoka Kisumu likapitia Busia, Jinja, Kampala na Masaka, likavuka mpaka wa nchi pale Mutukula, likashuka Bukoba, Muleba na Geita, likapanda pantoni pale Busisi, likaja Mwanza, Musoma, Sirari, na kurudi Kisumu. Njiani liliingia kwenye mialo, kule wavuvi wanakopakulia samaki, likiuza nyavu. Mzunguko mmoja ulichukua wiki tatu. Halikuwahi kugeuza upande.

"Miaka yote saba?" Theodora aliuliza.

Mtunza ghala alisema miaka mitano, tangu Primus aajiriwe. Aliongeza kwamba Primus ni dereva mzuri, ila ana jambo moja. Hapokei likizo. Ukimpa wiki ya kupumzika anakaa ndani ya kabini hapo uani mpaka wiki iishe.

Hapo ndipo ungedhani mtu mwenye akili angekaa Kisumu wiki mbili na siku kadhaa, amngoje. Lakini Beatrice alitaka lori lake Jumamosi, na Theodora hakuwa mtu wa kungoja. Alipiga hesabu palepale, mguu mmoja uko kwenye ngazi ya lori. Busia kilomita mia moja na kumi na tano. Kampala mia mbili nyingine. Lori la nyavu linasimama kila mwalo, lake halina pa kusimama. Atalipata kabla ya Kampala, kisha ageuze. Alimtazama mama mkwe wake. Mzee alikuwa tayari amekaa kitini na kufunga mlango.

Busia walisema amepita siku tatu zilizopita. Jinja, siku mbili. Theodora alianza kuendesha kwa namna asiyoipenda kwa wengine, akiyapita mabasi milimani na kulaumu kila trafiki aliyemsimamisha. Hakula Kampala. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kilomita mia moja na thelathini mpaka Masaka, mia na ishirini, mia na kumi, na vidole vyake vilipiga usukani kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kumbe alikuwa na maneno ya miaka saba kifuani. Mengine alikuwa ameyapanga kwenye barabara hizi hizi, yale ya upole, na yale ambayo mwanamke Mkatoliki hasemi mbele ya mama mkwe.

Masaka walifika jioni. Kwenye kituo cha mafuta mwuzaji aliwaambia kwamba lori la buluu limepita leo asubuhi. Halafu akawatazama vizuri, akacheka kidogo, akauliza kama wao ndio wanawake wawili kutoka Kilimanjaro. Theodora akataka kujua habari zao amezipata wapi. Akasema madereva wa Kisumu waliosafiri usiku ndio waliomletea Primus habari hizo hapo hapo kituoni. Alipozisikia hakumalizia soda yake. Mialo yote ya Masaka alikuwa hajaiingia, na wavuvi walikuwa wamekuja kuulizia nyavu zao bila kuzipata.

Theodora aliingia kwenye lori, akawasha, akaweka gia. Mektrida aliweka mkono wake juu ya mkono ule wa gia.

"Mama Herieth, zima."

Alizima. Mektrida alimwuliza barabara ya mbele ikoje. Theodora akasema lami imeishia hapa. Kuanzia hapa ni changarawe mpaka Mutukula, mpaka Bukoba, mpaka Biharamulo, huko msituni ambako mwaka huo magari yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa ajili ya majambazi, mpaka Geita na kivukoni. Kilomita mia sita na zaidi za vumbi.

"Na yeye yuko mbele, anakimbia. Sisi tuko nyuma, tunamfukuza," Mektrida alisema. "Mwanangu akifukuzwa kwenye barabara mbaya atafanya nini?"

Wote wawili walijua jinsi Primus alivyoingia korongoni, na wote wawili walikuwa wamewahi kuusikia mlio wa maji yale bila kuwapo. Watoto waliuza matoke na nanasi madirishani.

Kisha mzee akauliza jambo ambalo Theodora, pamoja na kilomita zake zote kichwani, hakuwa amelifikiria. Kama ziwa ni duara, na Primus hageuzi upande, kwa nini wasimwendee kwa mbele?

Theodora alitoka nje akalizunguka lori mara mbili. Kurudi Kampala, Busia, Kisumu, kushuka Kisii mpaka Sirari, Musoma, Mwanza, mpaka kivukoni upande wa Kigongo, ng'ambo ya Busisi: kilomita elfu moja, pungufu kidogo. Karibu mara moja na nusu ya njia ya Primus. Lakini ilikuwa lami. Siku tatu, kama mgongo wa mzee utakubali. Primus atachukua siku tano kwa vumbi lile, hata akikimbia, maana nyavu za Bukoba na Geita lazima azishushe. Ila je, akipandisha lori kwenye meli Bukoba? Je, akipita kusini Kahama asiguse kivuko? Je, akilitelekeza lori kabisa?

Posta ya Masaka ilikuwa bado wazi. Alimpigia Beatrice. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Beatrice alisema yeye ni mama pia, anaelewa, lakini lori ni la biashara. Jumamosi lisipokuwa Moshi, Theodora akilirudisha akabidhi na funguo. Theodora alisema amesikia. Usiku huohuo alipata magunia ya maharage ya kupeleka Kisumu, yakalipa dizeli, na alfajiri waligeuza, wakaanza kurudi walikotoka.

*

Siku tatu zile ndizo Theodora alizoziita siku ndefu kuliko zote. Kumfukuza mtu kuna nafuu yake, unaona vumbi lake. Kumwendea kwa kumpa mgongo ni kazi nyingine. Kila kilomita ilimpeleka mbali na Primus, na ilimbidi aamini kwamba inamsogeza. Mara mbili, mara moja karibu na Jinja na mara ya pili Kisumu, alisimamisha lori pembeni akitaka kugeuza tena. Alimwambia mama mkwe wake kwamba wamekosea, kwamba huenda sasa amesimama Bukoba amechoka, wangemkuta. Mektrida hakubishana. Alimenya chungwa, akampa nusu.

Kisii walinyeshewa. Sirari ofisa wa mpaka alimkuta mzee amelala huku ameshika rozari, akagonga muhuri bila kumwamsha. Walipoingia Tanzania Mektrida aliamka, akasikia watu wakiongea Kiswahili cha kanda ya ziwa, akauliza kama wamefika nyumbani. Theodora alisema nyumbani wamefika, ila kwao bado.

Kigongo walifika Jumamosi saa nne asubuhi, siku ambayo funguo zilitakiwa Moshi. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka kwenda Geita. Lao halikuwa linavuka. Theodora aliliegesha pembeni, mahali ambapo kila gari linaloshuka kwenye pantoni lazima lipite mbele ya pua yake.

Walingoja siku hiyo na siku iliyofuata. Pantoni ilikuja na kwenda. Theodora alisimama mwanzo wa njia kila ilipotia nanga, akahesabu magari, akarudi. Aliwauliza madereva wote waliotoka Geita. Mmoja alisema ameliona lori la buluu Sengerema. Mwingine alisema lile si la buluu, ni la kijani. Alikagua tairi zake mpaka wauza samaki wakaanza kumcheka. Mektrida alikaa kwenye kivuli cha lori. Samaki alikataa kula, alisema yeye hajawahi na hataanza leo, akaishi kwa ndizi mbivu na chai. Kila jioni alifungua kitambaa akalinyunyizia jani maji. Lilikuwa limejikunja, lakini bado lilikuwa na rangi.

Siku ya tatu, Jumatatu, pantoni ya saa tano ilileta basi, Landrova mbili za mashirika, na nyuma kabisa lori la buluu lenye maboya yaliyofungwa pembeni kama shanga.

Theodora alikuwa amejiambia atasimama katikati ya njia. Lakini ni Mektrida aliyeinuka, akakung'uta kanga, akatembea taratibu mpaka mbele ya lori lililokuwa linapanda kutoka majini, akasimama. Nyuma ya lori palikuwa na ziwa, mbele palikuwa na mama yake. Primus alikanyaga breki. Alikaa ndani ya kabini muda ambao basi lingeweza kujaza abiria, karani wa nyavu aliyekuwa pembeni yake akimwuliza kuna nini. Kisha akashuka.

Alikuwa amepungua. Mvi zilikuwa zimemwingia kwa upande mmoja, kana kwamba alilala kwenye majivu. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mama yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Primus."

Mektrida alifungua pembe ya kanga, akatoa jani, akalishika kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba amekuja kuomba amani. Alisema siku ile ya mazishi alimwuliza neno ambalo mama hapaswi kumwuliza mwanawe mbele ya watu, kabla udongo haujakauka. Alisema neno lile analirudisha, lisimsumbue tena, aje nyumbani.

Primus alitazama jani. Hakulipokea.

"Ulikuwa na haki ya kuuliza," alisema. "Niache nijibu kwanza."

Mektrida alitaka kumkataza. Yeye akaendelea, akitazama chini, sauti ikiwa kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Alisema Filemon alimwomba wapite darajani. Alimwomba mara mbili. Mara ya pili aliteremka kabisa kwenye lori, akasema yeye atatembea kwa miguu, afadhali. Primus akamcheka. Alimwita mwoga, akamwambia dereva ni nani hapa, akampandisha. Walikuwa hawana haraka yoyote. Hakukuwa na sababu. Alitaka tu kupita pale.

"Hilo ndilo jibu, Mama. Sikulisema siku ile kwa sababu nililijua."

Karani wa nyavu alipiga honi, akaacha. Theodora aliona mgongo wa mama mkwe wake ukipinda kidogo, kama mgomba uliokatwa lakini bado haujaanguka, na akajua kwamba mzee hakuwa amejiandaa kwa hili. Alikuja kusamehe bahati mbaya. Sasa alikuwa anaombwa kusamehe kitu kingine. Akasogea ili amdake.

Lakini Mektrida hakuanguka. Alilia bila sauti, muda mrefu, akiwa amesimama palepale, na Primus naye hakumgusa kwa sababu hakuthubutu. Alipomaliza alifuta uso kwa kanga. Alisema amesikia. Alisema Filemon angekuwa na miaka thelathini na mbili sasa. Kisha akanyoosha tena jani, akamwambia apokee upesi kabla hajabadili mawazo. Primus akapokea.

Hapo ndipo Primus alipomtazama Theodora. Yale maneno yote, ya upole na ya ukali, aliyoyabeba kwa kilomita zaidi ya elfu mbili, hayakuwapo. Alijikuta anatazama gurudumu la mbele la lori la buluu.

"Tairi lako hilo limeliwa upande," alisema. "Utaanguka nalo."

"Najua," Primus alisema. "Mama Herieth, mtoto hajambo?"

"Ana miaka minane. Njoo umwulize mwenyewe."

Primus alisema hawezi kuja leo, mzigo wa watu uko juu, Mwanza na Musoma wanangoja. Theodora akaona hasira yake imerudi, akaishukuru, maana sasa alikuwa na cha kushika. Lakini kabla hajafungua mdomo Mektrida alikuwa amemfuata karani wa nyavu mlangoni na kumwomba kwa heshima asogee katikati. Alisema kama mwanawe hawezi kuja kwake, basi yeye atakwenda na mwanawe. Kwa siku ngapi? Kwa siku zozote. Theodora alimkumbusha mgongo wake, karatasi yake ya kusafiria, na samaki. Mzee akamjibu kwamba amekaa Krismasi saba bila kuondoka na hakuna aliyekuja, sasa atajaribu kuzunguka.

Theodora ndiye aliyemsukuma kwa nyuma mpaka akaingia kabini.

*

Alibaki peke yake Kigongo, na lori tupu la watu. Kurudi Moshi kwa Shinyanga na Singida, au kwa Sirari na Nairobi? Alikaa na swali hilo labda dakika tano, akaenda na Singida kwa sababu lori la nyavu lilikuwa limeshika njia ile nyingine na hakutaka kulifuata tena. Barabara ilikuwa mbaya kama alivyojua. Alivunja springi moja karibu na Nzega, akaifunga kwa kamba ya katani, akafika Moshi siku ya nne. Alimkabidhi Beatrice lori na funguo. Beatrice alizipokea kwa huzuni ya kweli, lakini alizipokea.

Miezi miwili na nusu alikaa bila gari, na walioishi karibu naye wanasema ilikuwa kama kuishi na nyuki ndani ya nyumba. Alipalilia kihamba chote, akakipalilia tena. Barua moja ilikuja kutoka Musoma, imeandikwa na padri kwa maneno ya Mektrida. Mzee alikuwa mzima. Alikuwa amelala kwenye mialo ambayo hakuweza kuitaja majina. Bado hajala samaki.

Walirudi katikati ya Novemba, kwa basi, mama na mwana. Primus alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Filemon, akakaa huko mpaka jua likaanza kuchwa. Herieth alimtazama kwa mbali kutoka kwenye migomba. Siku ya tatu ndipo alipomletea maji ya kunawa, na hakumwita baba, alimwita "wewe". Primus alinawa, akashukuru.

Watu walingoja kuona kama wataishi tena kama mke na mume. Padri alikuja, akaongea nao. Primus alimwomba Theodora waende wote Kisumu, tajiri wake ana malori mengine, hatajali dereva mwanamke akishamwona kazini. Theodora alisema hapana. Alisema hajui kama amemsamehe. Alisema huenda amemsamehe habari za Filemon, ambazo hazikuwa zake kusamehe, lakini ile asubuhi ya Himo bado iko. Primus hakumlazimisha. Alilala chumba cha nje.

Siku ya pili ya Krismasi, wageni wakiwa wametawanyika, walikuwa wamekaa uani, kila mmoja na kata yake ya mbege. Theodora alikuwa amepata kazi mpya kwa mtu wa Himo aliyekuwa akipeleka mzigo Bukoba. Aliuliza, kana kwamba anaiuliza hewa, ile barabara ya Biharamulo kwenda Muleba wakati wa mvua ikoje. Primus alifikiri. Alisema inategemea unaingilia wapi. Kuna mteremko kabla ya Muleba, udongo mwekundu, usishuke na gia ya tatu hata kama inaonekana kavu. Theodora akasema alisikia ni kilomita sitini. Primus akasema ni sabini na mbili, amezipima. Theodora akasema haiwezekani, akachora barabara chini kwa kidole, Primus akaifuta akaichora upya. Walibishana mpaka mbege ikaisha, na Mektrida, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliwaambia kwamba wote wawili wamekosea, mteremko uko baada ya kanisa, yeye alikuwa macho.

Tarehe saba Januari waliondoka asubuhi ileile, kila mmoja kwa njia yake. Primus alishuka kupitia Holili na Taveta, kwenda Kisumu kulichukua lori lake. Theodora alishika njia ya Arusha. Alikuwa na mzigo wa Bukoba wa tani saba na siku nne za kuufikisha, na mpaka anafika Boma Ng'ombe alikuwa bado hajaamua kama atapita kaskazini mwa ziwa, kwa Kisumu, ama kusini.